Nyumba ya Kushoto, Mtaa wa Relini

Arlys Ketterling alikuwa mtu wa kuaminika, na hilo ndilo lililomponza. Sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha nyuma ya dirisha la posta ya Ostby, mji mdogo wa Dakota Kaskazini wenye barabara moja ya lami, mnara wa ngano kando ya reli, na makanisa mawili ya Kilutheri, moja la Wanorwe na la pili la Wajerumani waliotoka Urusi. Barua za mji mzima zilipita mikononi mwake, na hapana aliyewahi kusikia neno la mtu likivuja kutoka dirishani pale. Basi mji ulipokaribia kutimiza miaka mia, na kamati ikatafuta mtu wa kuwatembeza wageni na kuwaonyesha palikuwa na nini zamani, jina lake tu ndilo lililotajwa. Alikuwa keshastaafu, na nyumba yake ilikuwa kimya mno. Alikubali kabla hawajamaliza kuuliza.

Aliandika barua Bismarck, kwenye nyaraka za jimbo, akaazimwa nakala kubwa za ramani za mwaka 1913. Zilichorwa kwa ajili ya makampuni ya bima ya moto, na wachoraji wake hawakuacha hata banda la kuku. Nyumba ya matofali waliipaka rangi ya waridi, ya mbao wakaipaka njano, na ndani ya kila kisanduku wakaandika herufi moja au mbili za kueleza kazi yake. Majira yale ya kuchipua Arlys aliishi ndani ya ramani hizo. Alizitandaza juu ya meza ya jikoni akaziwekea vikombe kwenye pembe, kisha akavaa koti na kwenda kutazama kwa macho. Pale benki inapoegesha magari palikuwa na zizi la farasi wa kukodi. Nyuma ya kanisa la Wanorwe palikuwa na ghala la barafu. Hoteli ya ghorofa tatu, ambayo hata wazee walikuwa wakibishana kama ilikuwapo kweli, aliuona msingi wake chini ya magugu, akausafisha kwa kiatu na kusimama juu yake akicheka peke yake.

Nyumba ya bibi yake nayo aliipata.

Bibi yake, Ottilia, ndiye aliyemlea yeye na kaka yake Milo baada ya mama yao kufariki. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mikono iliyonuka hamira. Habari zake za zamani alizitoa kwa kijiko. Alisema alifika Ostby akiwa msichana wa miaka kumi na saba, hana ndugu, akakaa katika nyumba ya Mtaa wa Relini akiwapikia wapangaji, mpaka babu yao alipomwoa na kumpeleka shambani. Basi. Kwenye ramani nyumba hiyo ilikuwa kisanduku cha njano upande wa kulia wa uchochoro, na ndani yake mna herufi mbili. Pembeni mwa ramani zilielezwa: malazi ya wanawake. Arlys aliwaza walimu na washona nguo, wasichana waliokuja nchi ya ugenini wakajikusanya chini ya paa moja, na bibi yake akiwapikia supu ya viazi na matonge ya unga. Moyo wake ulijaa. Aliamua matembezi yamalizikie hapo, ili la mwisho watu watakalosikia liwe jina la Ottilia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Juni, yenye jua na upepo wa kupeperusha kofia. Watu walifika wengi kuliko alivyotarajia. Walikuwapo wenyeji, na walikuwapo waliohama zamani wakarudi kwa sherehe. Arlys alitembea mbele na ramani kwenye ubao, sauti yake ikizidi kupata nguvu kila kituo. Walipofika Mtaa wa Relini, uwanja ulikuwa mtupu pande zote mbili za uchochoro. Nyumba ya kulia ilibomolewa kabla wengi wao hawajazaliwa. Ya kushoto waliikumbuka wote, maana ilisimama hadi juzijuzi. Ilikuwa nyumba ya Haugen, mtengeneza hatamu na matandiko ya farasi, baba yake Bibi Alma Nygaard.

"Sasa nawapa mtihani," Arlys alisema. "Hapa kuna nyumba imeandikwa herufi mbili, kifupi cha malazi ya wanawake. Nani ataniambia walikaa kina nani?"

Mzee mmoja aliyekuwa nyuma akacheka kooni. Aliitwa Orrin Skaar. Alizaliwa Ostby, akafanya kazi ya bima mjini Fargo mpaka uzee.

"Mama, usitutie majaribuni," alisema. "Mchoraji alikuwa mtu wa adabu, ndiyo maana akaandika vile. Kila mji wa reli ulikuwa na nyumba kama hiyo. Bima yake ilikuwa ghali: taa nyingi, ulevi mwingi, na watu hawalali."

"Wanafanya nini hawalali?" aliuliza bwana mmoja, na mkewe akampiga kiwiko.

"Wanahesabu treni," Skaar akajibu.

Kicheko kikaenea, kile cha watu wazima walioshiba na kufurahi. Arlys naye alitabasamu, maana uso wake ulikuwa bado haujapata habari. Kisha habari ikafika: nyumba ile ilikuwa danguro. Alihisi damu ikimpanda kutoka shingoni, na masikio yakaanza kuvuma.

LaDonna Hoffer, msusi, ambaye alisoma naye shule moja, alijipenyeza mbele. "Hebu Arlys, ni ipi hiyo? Bibi yako si alikuwa akikaa huku huku relini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Lakini Arlys aliona nyuso zote zimemgeukia, na ulimi, usio na mfupa, ukatangulia akili.

"Bibi yangu alikaa hii ya kulia," alisema. "Nyumba ya watu wa kawaida. Yenye herufi ni hii hapa." Na kidole chake kikavuka uchochoro.

"Ya kushoto?" LaDonna alisema. "Kwa Haugen?"

Kicheko kilikatika. Upepo ulipiga karatasi ya ramani, na Arlys akaishika kwa mikono yote miwili, akaielekeza kifuani pake.

"Ramani ndivyo inavyosema," alisema.

Hakuna aliyeomba kuona. Kwa nini waombe? Aliyesema ni Arlys wa posta.

Maneno yalitembea mbali kuliko yule aliyeyatoa. Jumatatu, kwenye meza ya wanaume ya mkahawa wa Ostby, pale wakulima wanapokunywa kahawa wakisubiri umande ukauke, yalikuwa yameota miguu na mikono. Inga, mama yake Alma, alitoka Norwe akiwa binti, akaja kuwa mtumishi wa mama mzazi wa Haugen katika nyumba ile, kisha akaolewa na kijana wa nyumba. Hivyo ndivyo watu walivyojua. Sasa mmoja akasema, "Kumbe Haugen alinunua nyumba akapewa na mke juu yake," na wengine wakacheka ndani ya vikombe vyao. Arlys alikuwa amekaa meza ya pili na kipande cha keki ya plamu. Aliusikia mzaha huo wazi. Aliendelea kutafuna kitu ambacho hakikuwa na ladha tena, akalipa, akatoka.

Angeweza kusema wakati ule. Alijua hivyo hata mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango.

Duane Nygaard, mwana wa Alma, alikuja kwake katikati ya juma. Alikuwa mkulima mpana, mwenye haya, na alisimama barazani akiizungusha kofia mikononi.

"Dada Arlys, samahani kukusumbua. Nilikuwa naomba niione ile ramani."

"Ramani?"

"Siyo kwamba sikuamini. Ila nataka nimwambie mama kwamba nimeiona kwa macho yangu. Labda atatulia."

"Nimeshairudisha Bismarck," Arlys alisema.

Ilikuwa juu ya meza ya jikoni, hatua chache nyuma ya mgongo wake, vikombe vimekaa pembeni. Alisogea kidogo akauziba mlango kwa mwili. Alijiona akifanya hivyo, kama mtu anavyomtazama mwizi dukani.

Duane aliitikia kwa kichwa. "Haidhuru," alisema. Hakuondoka. "Unajua, aliyemwambia ni mjinga mmoja kanisani, alidhani anamfariji. Alimwambia dhambi za wazazi si za watoto.  Mama alikuja nyumbani akaiondoa picha ya bibi ukutani. Anasema sasa ndiyo anaelewa. Anasema, kumbe ndiyo maana mama yake alikuwa hapokei komunyo miaka ile yote, na ndiyo maana alikuwa hataki kabisa wapite relini. Nikamwambia, mama, bibi aligombana na mchungaji tu, kila mtu anajua. Akaniambia nikae kimya, mimi namjua nini." Alivaa kofia. "Ana miaka themanini na mbili, dada. Anapanga upya maisha yake yote kama mtu anayepanga kabati."

Arlys alifunga mlango, akakaa sakafuni kwa kuwa kiti kilikuwa mbali. Hadi hapo aibu yake ilikuwa ya kuogopa kuonekana, na aibu ya namna hiyo mtu huweza kuifunika. Hii ilikuwa nyingine. Alimwona Inga Haugen, ambaye hata hakumbuki sura yake vizuri, akitolewa ukutani na binti yake mwenyewe. Halafu akamwona Ottilia amesimama jikoni na unga mikononi, anatazama. Kwa kumkinga huyu alikuwa amemsukumia mwenzake matope, na wala si kweli kwamba alimkinga. Alijikinga mwenyewe. Pale uwanjani, baada ya mzaha mmoja tu wa mzee wa bima, alikuwa amemkana mwanamke aliyemwogesha na kumsomesha.

Jioni alimpigia simu kaka yake Milo huko Minnesota, akamweleza yote. Milo akasema, "Kwa hiyo unataka ukamvue nguo bibi yetu mbele ya mji?"

"Nimemvua mwingine, Milo. Asiye na kosa."

"Na wetu alikuwa na kosa gani? Dada, wote wawili wamekufa. Acha yapite. Watu watachoka, watapata la kusema jingine."

"Alma hajafa."

"Basi mwambie Alma ulisoma vibaya. Mwambie macho. Una miwani, nani atabisha?"

Arlys alikiri baadaye kwamba maneno hayo yalimtamanisha. Alilala nayo, na asubuhi alikuwa amekwisha kutunga sentensi nzima kuhusu miwani yake. Aliibeba sentensi hiyo mpaka kwa Alma, pamoja na ramani iliyoviringishwa kwapani.

Alma alikuwa amekaa jikoni kwake, nywele zimechanwa vizuri, mikono imelala juu ya meza kama vitu vya mtu mwingine. Ukutani palikuwa na msumari, na chini yake mraba wa karatasi ya maua ambayo haikupauka. Hakumkaribisha kahawa. Katika nyumba ya Mnorwe, hilo lilitosha.

"Mama Alma," Arlys alianza, "nimekuja kwa habari ya ile ramani. Nilikuwa..." Sentensi ya miwani ilikuwa mdomoni tayari. Alitazama ule mraba ukutani, na sentensi ikamshinda. "Nilisema uongo. Sikukosea. Niliona vizuri, nikasema uongo. Na ramani sijairudisha. Duane alipokuja ilikuwa mezani."

 Alma alinyoosha mkono. Arlys aliitandaza ramani, na Alma akatoa kioo cha kukuzia maandishi kwenye mfuko wa sweta, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu, pumzi yake ikisikika.

"Hii ni ya kwetu," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Hii herufi ni nini?"

"Makazi. Nyumba ya watu kukaa tu."

Kioo kikavuka uchochoro. "Na huku?"

"Huko ni malazi ya wanawake. Ndiko alikokaa bibi yangu."

Alma aliweka kioo chini. "Ottilia," alisema. Arlys alingoja neno baya, na alikuwa tayari kulipokea, lakini halikuja. "Nilipojifungua Duane nikawa sina maziwa, Ottilia Ketterling alikuja kunisaidia, theluji ikimfika magotini. Mama yangu alimfungulia mlango. Walikaa hapo wawili wakanywa kahawa. Hawakuwa wakiongea sana. Nilidhani ni kwa sababu ya lugha, mmoja Mnorwe, mwingine Mjerumani."

"Nisamehe, Mama Alma."

"Ngoja kwanza." Sauti yake ilikuwa tulivu, ndiyo maana ilichoma. "Unajua nimefanya nini? Nimemtukana mama yangu. Nilikaa kwenye kiti hicho ulichokalia nikamtukana kwa sauti, kwa maneno ambayo sikujua kama ninayo. Mtu ameshakufa, hana hata mdomo wa kujibu. Picha Duane ataipigilia, hiyo si kazi. Lakini yale niliyosema nitayazoa na nini?"

 Arlys alisema angeandika kwenye gazeti la wilaya, kwa jina lake, na kila mtu angesoma.

"Gazeti watu wanafungia vyombo," Alma alisema. "Ulisema kwa mdomo. Kasimame palepale, useme kwa mdomo, kwa watu walewale. Sasa viringisha karatasi yako uende. Nimechoka."

Kuwaita watu kulikuwa kugumu kuliko kusema. Alikwenda nyumba kwa nyumba, na kila mmoja alitaka kujua kuna nini, naye akawaambia tu kwamba alikosea jambo kwenye matembezi. LaDonna alisema, "Si utuambie hapahapa, mpenzi, jua hili?" Arlys akasema hapana. Jumamosi iliyofuata walifika wachache. Orrin Skaar alikuwa hajarudi Fargo, naye akaja, bila mzaha safari hii. Gari la Duane lilisimama kando ya barabara, na Alma amekaa ndani, kioo kimepandishwa.

Arlys alisimama kati ya viwanja viwili vya majani. Alikuwa ameona watu wakitubu kanisani, wakitoa machozi kwanza ili waonewe huruma, na aliomba asilie.

"Siku ile niliwaambia nyumba ya kushoto ndiyo yenye zile herufi," alisema. "Si kweli. Nyumba ya Haugen ilikuwa makazi, na Inga Haugen alikuwa mtumishi wa nyumba ya heshima. Yenye herufi ni ya kulia. Bibi yangu Ottilia ndiye aliyekaa humo. Nilijua tangu mwanzo, nikaona aibu, nikamsingizia mwingine. Ramani hii hapa. Safari hii itazameni wenyewe."

Aliipitisha. Ilikwenda mkono kwa mkono, na watu waliitazama kwa haraka, kama wanavyotazama jeraha. Mtu mmoja alikohoa. Bwana yule wa mzaha wa mkahawani alikuwa akichunguza kucha zake.

Orrin Skaar alijaribu kumsaidia. "Nyumba zile zilikuwa na wapishi, mama. Wapishi halisi. Si ajabu bibi yako alikuwa akipika tu."

Mlango wa kujinasua ulikuwa wazi mbele yake, mpana, na watu wote wangefurahi apite. LaDonna alikuwa ameshaanza kuitikia kwa kichwa.

"Alisema alipika," Arlys alisema. "Huenda ndivyo. Sijui. Sikumuuliza alipokuwa hai."

Kioo cha gari kilikuwa kimeshuka kidogo, upana wa kiganja. Alma hakutoka. Aliposikia alichotaka kusikia alimgusa Duane begani, na gari likaondoka polepole, vumbi likiwafunika wote.

Kamati ilimpa mtu mwingine kazi ya matembezi, kwa upole mwingi, na ramani zikarudi Bismarck kweli. Mkahawani watu walimwachia nafasi pana zaidi ya aliyohitaji. Wengine waliacha kumwamini, wengine wakawa wakarimu kupita kiasi, na hao wa pili ndio waliomchosha. Milo hakupiga simu mpaka Krismasi. Baridi ikaja, theluji ikafunga milango, na kila walipokutana dukani Alma alimpita kama mtu anavyopita nguzo. Arlys hakuthubutu kumfuata na ombi la msamaha mara ya pili. Aliona kwamba kumwomba tena kungekuwa kumdai.

Mwishoni mwa Mei, siku ya kuwakumbuka wafu, alikwenda makaburini na tawi la lilaki. Alipiga magoti akang'oa magugu juu ya Ottilia, akaliweka tawi. Safu chache mbele Alma alikuwa peke yake kwenye kaburi la wazazi wake, akipambana na ndoo ya kumwagilia iliyomzidi nguvu. Duane alikuwa mbali, akiongea na watu getini. Arlys alisita, kisha akaenda.  Aliichukua ndoo, akaijaza bombani, akamwagilia maua ya Inga taratibu mpaka udongo ukaacha kunywa.

Alma alisimama akiegemea fimbo yake, anatazama maji.

"Yamebaki," alisema. "Mpelekee na wako."